MGENI AKIENDA, MWENYEJI AUGUE?

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Neno hili twalijua sana huku Singida, maana matibabu ya hospitali yalianzishwa katika sehemu nyingi za nchi yetu kwa mikono ya wageni. Katika miaka ya 1920 wamisioni wa Augustana walitoka Marekani wakafika Iramba. Mwaka 1954 masista kutoka Ireland walianza kazi ya hospitali pale Makiungu, kwa Wanyaturu. Hatuwadharau watu hao hata kidogo. Asiyeshukuru ameiba wema. Lakini leo twataka kusema juu ya wageni wa siku hizi, na zaidi juu yetu sisi wenyeji.

Wageni wa zamani walikaa miaka mingi, wakajifunza lugha. Wa siku hizi, waganga vijana na wanafunzi wa uganga wanaojitolea, wengi wao hukaa majuma machache au miezi michache tu. Kazi yao ni njema. Ila huanza kuyaelewa maneno ya mgonjwa wakati siku zao zinapokwisha. Na bibi asemaye Kinyaturu au Kinyiramba tu, wao humsikia kwa kinywa cha muuguzi wetu. Basi siku za kuondoka zikaribiapo, huonekana mambo matatu ambayo hatuwezi kuyanyamazia.

La kwanza ni kuombaomba. Huyu ataka viatu vya mgeni, huyu simu yake, huyu mfuko wake. Ni nani amwulizaye, "Ulitambuaje kwamba mtoto yule ana homa ya mapafu kabla hajazidiwa?" Watu wagombania nguo, na elimu yaachwa ipande motokaa pamoja na mwenyewe.

La pili ni kuwadharau watu wetu. Wako wagonjwa wakaao nyumbani wakingoja mgeni mwingine aje, na hali zahanati i wazi na tabibu yumo. Je, mama aliyeshikwa na uchungu aweza kungoja ndege itokayo Ulaya? Vijana hufundishwa uuguzi Kiomboi na Itigi. Wamefundishwa ili wawe wakalimani tu?

La tatu latoka kwa baadhi ya wageni wenyewe. Hufanya kazi hata siku ya mwisho kana kwamba hakuna kesho, wakaacha madaftari yaliyoandikwa kwa lugha yao, na mashine ambayo ikiharibika hapana awezaye kuitengeneza. Tena, mwanafunzi asiyeruhusiwa kwao kushika kisu cha kupasulia, na asikishike kwetu. Mwili wa maskini si ubao wa kujifunzia kuandika.

Twajua wako watakaotujibu, "Sisi ni maskini, tukimkosa mgeni tutafanya nini?" Sikilizeni. Mwaka 1996 jirani zetu wa Igunga walianza Mfuko wa Afya ya Jamii, kabla ya wilaya nyingine zote za nchi hii. Mfuko huo ulipotengenezwa upya mwaka 2018, kaya ya watu 6 ilitakiwa kutoa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mbuzi wanaochinjwa kwa karamu moja ya kuagana wapita fedha hiyo. Basi si mali peke yake iliyopunguka kwetu. Nia nayo imepunguka.

Kwa hiyo twashauri hivi. Mwezi wa mwisho wa mgeni uwe mwezi wa kukabidhi. Muuguzi au tabibu mmoja atajwe kwa jina mbele ya kamati ya zahanati, naye afanye kazi kwa mikono yake, mgeni akisimama kando na kutazama. Mafundisho yaandikwe kwa Kiswahili. Mashine isipokewe ila pamoja na mtu aliyefundishwa kuitunza. Nasi walimu tuwahimize watoto, wasichana kwa wavulana, wasiikimbie hesabu wala sayansi, maana mganga wa kesho ameketi leo katika dawati letu.

Kumbukeni jinsi Paulo alivyoagana na wazee wa Efeso kule Mileto. Walilia, wakamwangukia shingoni. Lakini kabla ya machozi alikuwa amekwisha kuwawekea kundi mikononi mwao. Kumbukeni tena Elisha, siku bwana wake alipokuwa akiondolewa. Aliulizwa anataka nini, wala hakuomba vazi. Aliomba sehemu maradufu ya roho ya Eliya. Na vazi nalo akaliokota baadaye.

Ndugu zetu, tuagane na wageni kwa heshima na kwa nyimbo, ila tusiwaache waende na funguo za nyumba yetu. Mgeni na aje, mwenyeji apone. Na mgeni akienda, mwenyeji aponye.