Kadi ya chanjo kwenye Ruzizi: nani ana haki ya kukuomba nini?

Chanjo ya mpox ilipoanza kutolewa hapa mashariki, Oktoba 2024, kulikuwa swali moja likizunguka sokoni Mudaka, kwenye pikipiki na ndani ya magari ya kwenda Bukavu: bila kadi ya mpox, mtu ataendelea kuvuka Ruzizi? Wengine walisema katazo ni kesho kutwa. Wengine walisema kadi zimeshaanza kuuzwa na kwamba afadhali kuinunua mapema kabla bei haijapanda.

Jibu fupi: hapana. Katikati ya Novemba 2024, chanjo ya mpox haikuwa sharti la kuvuka mpaka, si upande wa Kongo, si upande wa Rwanda. OMS ilipotangaza mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa, tarehe 14 Agosti 2024, iliziomba nchi zisimamie mipaka pamoja bila kuzuia safari na biashara kiholela. Lakini jibu fupi halimtoshi mama anayevuka kila asubuhi, kwa sababu alishaambiwa mengi wakati wa Covid, na mengi yalibadilika akiwa tayari amefika darajani. Aliyeumwa na nyoka akiona ukamba anashtuka. Kwa hiyo turudi kidogo nyuma.

Rwanda ilifunga mipaka yake mnamo tarehe 21 Machi 2020. Siku tatu baadaye Kongo ilitangaza hali ya dharura. Tarehe 15 Agosti mwaka uleule Kinshasa ikafungua tena viwanja vya ndege na mipaka, na watu wengi hapa walifurahi, wakafikiri mambo yamekwisha. Daraja lakini lina ncha mbili. Upande wa pili, mipaka ya nchi kavu ya Rwanda ilifunguliwa kikamilifu tarehe 7 Machi 2022. Hesabu mwenyewe: karibu miaka miwili. Katikati ya muda huo malori ya bidhaa yalipita. Mtu na beseni lake kichwani, ndiye aliyezuiwa. Wengine walijiunga vikundi, bidhaa za wengi zikapanda lori moja. Wengine walipita njia za panya, na tunajua hatari ya njia zile, hasa mto ukiwa umejaa.

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya watu wa Goma waliingia Rubavu kupitia mpaka uliokuwa bado umefungwa. Tunalikumbusha hilo kwa sababu linaonyesha kwamba kufunga na kufungua ni uamuzi wa watu. Wakitaka, inawezekana.

Sasa tuseme juu ya kipimo, kwa sababu kwa wafanyabiashara wadogo kipimo ndicho kilikuwa mpaka wenyewe, kuliko hata chanjo. Kanuni iliyoenea duniani ilikuwa cheti cha PCR kisichozidi saa 72. Ilitungwa kwa ajili ya abiria wa ndege: mtu anayesafiri mara moja, anakaa wiki mbili, anarudi. Kwake bei ya kipimo inaingia ndani ya bei ya tiketi na hata haioni sana. Kwa mtu anayevuka asubuhi na kurudi jioni, saa 72 ni siku tatu. Rwanda iliporuhusu kliniki za binafsi kutoa kipimo cha haraka, Januari 2021, bei yake iliwekwa kuwa faranga 10 000 za kwao. Kipimo kimoja kwa wiki, hiyo ni 40 000 kwa mwezi. Kuko wamama hapa ambao mtaji wao wote hauzidi makumi machache ya dola. Kwao, «uko huru kuvuka ukiwa na kipimo» na «usivuke» ni neno moja.

Na hapa kuko jambo ambalo kwa maoni yetu halikuzungumzwa vya kutosha. Kongo na Rwanda zote ziko ndani ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zinazofuatwa na nchi 196. Kifungu cha 40 cha kanuni hizo kinasema kwamba nchi haipaswi kumlipisha msafiri uchunguzi wa afya ambao nchi yenyewe inamtaka apitie ili ijue kama ni mgonjwa. Haipaswi kumlipisha karantini aliyowekewa. Haipaswi kumlipisha chanjo aliyopewa anapofika, kama sharti lile halikutangazwa angalau siku 10 mbele. Waliotunga kanuni waliweka milango ya kutokea, kwa mfano kwa watu wanaoomba ukaaji, au hatua zinazochukuliwa kwa faida ya msafiri mwenyewe kuliko ya umma. Serikali nyingi zilipita kwenye milango hiyo, au zilitaka kipimo kifanywe kabla ya safari, kwenye maabara ya kulipia. Tajiri kwa maskini, dunia nzima ililipisha. OMS ilishauri tena na tena, tangu Januari 2021, kwamba cheti cha chanjo ya Covid kisiwe sharti la kuingia nchini. Haikusikilizwa. OMS haina polisi.

Kwa ndege mambo yalikuwa na utata wa aina nyingine. Dozi milioni 1,7 za AstraZeneca zilifika Kinshasa tarehe 2 Machi 2021 kupitia mpango wa COVAX. Kabla hazijaanza kutumika, nchi kadhaa za Ulaya zilisimamisha chanjo hiyo ili kuchunguza habari za kuganda kwa damu, na Kongo nayo ikasimama. Kampeni ilianza tarehe 19 Aprili. Muda wa dozi ulikuwa unaelekea kuisha, basi milioni 1,3 zikapelekwa nchi zingine za Afrika. Wengi wa hapa hawakukataa chanjo ile. Ilipita juu ya vichwa vyao.

Na wale waliobahatika kuipata? Dozi zile zilitengenezwa India, kwa jina la Covishield. Tarehe 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya ulizindua cheti chake cha Covid, na orodha yake ilikuwa na AstraZeneca iliyotengenezwa Ulaya, kwa jina la Vaxzevria. Covishield haikuwemo. Dawa ileile, kiwanda kingine. Umoja wa Afrika ulipiga kelele, nchi moja moja za Ulaya zikaanza kuikubali, kila moja kwa wakati wake. Uingereza nayo, mwezi wa Septemba mwaka huo, ilikuwa haitambui vyeti vya chanjo vilivyotolewa Afrika, hata kama ndani ya sindano mlikuwa na chanjo ambayo yenyewe iliichangia. Mwanafunzi wa Bukavu mwenye barua ya chuo mkononi angeweza kuwa amechanjwa na bado akahesabiwa kama hajachanjwa.

Novemba ileile ya 2021 Afrika Kusini iligundua Omicron na kuitangaza haraka, kama kanuni zinavyotaka. Malipo yake: ndani ya siku mbili tatu safari zake zikakatwa. Kila waziri wa afya wa Afrika aliliona hilo, na tusishangae kama siku moja mmoja wao atachelewa kusema.

Mwaka 2024 mtu wa Bukavu aliyesafiri mbali alipita Goma, Kigali, Bujumbura au Entebbe, kwa hiyo tayari alikuwa na nchi moja au mbili za kupitia, na kila moja ilikuwa na masharti yake. Wengi wanasahau pia mkono mwingine: kampuni ya ndege. Kampuni ikimbeba abiria asiye na karatasi kamili, inaweza kupigwa faini na kulazimika kumrudisha kwa gharama yake. Ndiyo maana yule kijana anayepokea mizigo anakuwa mkali kuliko ofisa wa uhamiaji. Yeye anasoma kwenye kompyuta masharti ya nchi unakokwenda na ya nchi unakopita, na kama kompyuta inasema hapana, hata ubalozi ukuambie ndiyo, hupandi. Wengi waliopoteza tiketi wakati wa Covid walikuwa wameuliza masharti ya nchi ya mwisho tu.

Ipo karatasi moja ambayo haina ubishi, nayo ni kadi ya njano. Homa ya manjano ndiyo ugonjwa pekee uliotajwa kwa jina ndani ya Kanuni za Afya kama ugonjwa ambao nchi inaweza kukuomba cheti cha chanjo yake ili uingie. Magonjwa mengine yanahitaji pendekezo maalum la OMS, kama ilivyotokea kwa polio mwaka 2014. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kadi ya njano inadumu maisha yote ya mwenye nayo, hata kama juu yake imeandikwa miaka 10. Inaanza kuwa na nguvu siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo usiende kuchanjwa leo ukiwa na ndege kesho. Mtu akikwambia darajani au kiwanja cha ndege kwamba kadi yako ya 2012 «imekufa» na kwamba anaweza kuifufua kwa dola kadhaa, huyo hafuati kanuni, anafuata mfuko wako.

Kuko tofauti moja ambayo wachache wanaijua. Mwaka 2016, chanjo ilipopungua wakati wa mlipuko wa Kinshasa, karibu watu milioni 8 walipewa sehemu ya tano ya dozi. Inakinga, lakini haihesabiki kwa safari za kimataifa. Mwenye kuchanjwa kwenye kampeni ile anahitaji dozi kamili kabla ya kupata kadi ya njano. Kama una ndugu aliyekuwa Kinshasa wakati ule, mwambie.

Turudi kwenye mpox, na kwenye mwaka 2024 ambao uligeuza mambo kidogo. Aina mpya ya kirusi ilianza kuonekana Kamituga, kwetu Kivu ya Kusini, Septemba 2023. Julai 2024 Rwanda ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza, na Septemba ikaanza kuwachanja watu walio hatarini, hasa karibu na mpaka wetu. China, ambako wafanyabiashara wetu wanakwenda kununua bidhaa, ilitangaza Agosti kwamba anayetoka nchi yenye mpox na ana dalili lazima ajitangaze anapoingia. Kujitangaza, siyo kuonyesha kadi ya chanjo.

Halafu tarehe 27 Septemba Rwanda ikatangaza Marburg. Walihesabiwa wagonjwa 66 na vifo 15, na wengi walioambukizwa walikuwa waganga na wauguzi. Marekani ikawashauri watu wake wafikirie mara mbili kabla ya kwenda Rwanda, na tangu katikati ya Oktoba abiria waliopita Rwanda walielekezwa kwenye viwanja vitatu tu, vya New York, Washington na Chicago, ili wachunguzwe. Kigali ililalamika kwamba hatua hizo zimezidi kiasi. Tulisoma malalamiko yale kwa makini, kwa sababu ni maneno ambayo sisi tumekuwa tukiyasema miaka mingi. Kwa Marburg hakuna hata chanjo iliyoidhinishwa. Iliyopo iko kwenye majaribio. Kwa hiyo hata anayetaka kukuuzia kadi hana kadi ya kukuuzia.

Basi darajani wakuombe nini? Hati yako ya kuvuka, iwe jetoni, CPGL au pasipoti; mwaka 2024 hiyo ilikuwa kazi ya DGM. Watu wa usafi wa mipaka wanaweza kukupima joto, kukuuliza kama una homa au vipele, kukunawisha mikono. Kubali, hilo lina maana, tuliliona wakati wa Ebola ya 2019 ilipofika hadi Mwenga. Ukiambiwa kuna sharti jipya, uliza limeandikwa wapi na lilitoka lini. Ukilipa chochote, omba risiti. Tunajua kuomba risiti pale kuna siku ni kutafuta ugomvi. Omba kwa adabu, na kama wamama mko kumi, ombeni kumi.

Na chanjo yenyewe? Ukipewa nafasi, ichukue. Ni dozi mbili, zinaachana siku 28. Mwaka 2024 Kivu ya Kusini ilikuwa kati ya mikoa iliyolengwa kwanza, lakini dozi zilikuwa chache, na zilianza na waganga, waliogusana na wagonjwa na wengine walio hatarini zaidi. Watoto wadogo walikuwa bado hawaipati. Nao ndio waliojaza vitanda vya hospitali ya Kavumu wakati ule, mwendo mfupi kutoka hapa Mudaka kwenye barabara ya taifa namba 2. Mama anayepigania dozi kwa ajili ya daraja anachanganya mambo mawili. Dozi inalinda nyumba yake. Darajani haimsaidii wala haimzuii.

Desemba ndio mwezi ambao Ruzizi inajaa. Tunaomba kitu kidogo kwa wakubwa wa pande zote mbili: bango moja pale Ruzizi ya kwanza, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kinyarwanda, lenye karatasi zinazoombwa, bei ya kila moja, na tarehe ambayo bango lilibandikwa.