Sili ya Shilingi Chache Isichaguliwe kwa Macho

Ndugu wafanyakazi wenzangu,

Huenda mtashangaa kuona mtu wa reli akiandika juu ya vyombo vya wapiga mbizi. Kazi yangu mimi ni mabomba ya breki za upepo, na baharini sijapata kwenda zaidi ya kuoga. Lakini upepo ni upepo, na mpira ni mpira. Tena jambo lililompata kijana mmoja wa jirani yangu latuhusu sisi sote tunaopewa vyombo na tajiri na kuambiwa tuvitumie.

Kijana huyu huwapeleka wageni kupiga mbizi hapa pwani. Wageni wengine kutoka Ulaya huja na regyuleta zao, yaani kile chombo kinachopunguza nguvu ya hewa ya mtungi ili mtu aweze kuivuta. Regyuleta hizo huingia kwa skrubu, aina iitwayo DIN. Mitungi ya tajiri wake ina vali ya kubanwa kwa kibano. Kwa hiyo katikati hutiwa adapta.

Asubuhi moja sili ya mpira ya regyuleta, ile inayokaa ndani ya adapta, ilionekana imechanika. Msimamizi akatia mkono katika kopo la sili za kila namna, akachagua moja kwa macho, akasema, "Hii yatosha." Kijana alipofungua vali, hewa ikapiga mluzi. Akaambiwa akaze kwa spana. Akakataa. Akarudishwa nyumbani bila malipo ya siku. Jioni alikuja kwangu, akaweka sili mbili mezani, ile ya zamani na ile mpya, akaniuliza, "Kaka, wewe ni mtu wa breki. Je, mimi ni mwoga?"

Nilizipima kwa kalipa. Ile ya zamani ilikuwa namba 112. Ile mpya ilikuwa namba 014. Sasa sikilizeni ajabu yake. Tundu la 112 ni milimita 12.37, na tundu la 014 ni milimita 12.42. Kwa macho ni pacha. Lakini unene wa mpira wa 112 ni milimita 2.62, na wa 014 ni milimita 1.78 tu. Ile nyembamba ni ya mahali pengine, kwenye uso wa vali ya kubanwa. Namba zote mbili hutumika katika chombo kimoja, na ndiyo sababu zachanganyika upesi.

Sili ya mviringo, ambayo mafundi huiita oringi, lazima kwanza ibanwe kidogo kati ya vyuma viwili. Ndipo hewa inapoisukuma, nayo huziba zaidi. Ikiwa nyembamba haibanwi, na hewa hupita. Hata ukaze spana mpaka jasho likutoke, chuma hakiwezi kuunenepesha mpira. Tena regyuleta ya DIN hukazwa kwa mkono tu.

Nikamwambia, "Wewe si mwoga, ndugu yangu. Wewe ni fundi."

Breki zetu za gari moshi hutumia upepo wa kiasi cha ratili 70 kwa inchi ya mraba, nasi huogopa sili mbovu. Mtungi wa kawaida wa alumini wa mpiga mbizi hujazwa mpaka ratili 3,000. Na breki ikivuja, gari husimama. Je, mtu aliye mita 20 chini ya maji atasimama wapi? Kule kila pumzi hutumia hewa mara tatu kuliko juu, na mtu akikimbilia juu huku amezuia pumzi, mapafu yaweza kupasuka.

Basi sili ichaguliwe namna gani? Kwanza, kwa namba iliyoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji wa adapta, kwa maana adapta zote si sawa. Kuna nyingine zinazoingizwa ndani ya vali ya DIN kwa ufunguo wa pembe sita, nazo zina sili mbele na nyuma. Zote mbili zitazamwe, si ile ya mbele tu.

Pili, kwa ugumu. Mipira hii hupimwa ugumu, na mingi inayouzwa madukani ni ya 70. Kwenye uso wa vali, penye nguvu kubwa, hutakiwa ya 90. Mpira laini husukumwa ukaingia katika mwanya wa vyuma ukakatika.

Tatu, kwa hewa inayopita. Kwa hewa ya kawaida mpira wa nitrili wafaa. Penye oksijeni nyingi hutumika mpira wa EPDM au Viton, pamoja na grisi ya oksijeni, wala mafuta ya mashine yasikaribie, kwa maana yaweza kuwaka moto. Mpira wa EPDM huharibiwa na grisi ya petroli.

Nne, kwa umri. Sili ikae katika pakiti yake yenye tarehe, mbali na jua na mbali na mota za umeme. Ya zamani isitolewe kwa msumari wala bisibisi, kwa maana mkwaruzo mmoja katika kiti chake utaivujisha sili mpya pia.

Oringi si kitu kigeni kwetu. Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani mwaka 1891, ndiye aliyepewa haki ya uvumbuzi wa oringi kule mwaka 1939. Kabla ya hapo alibuni breki za upepo za tramu. Alikuwa mtu wa breki kama sisi.

Lakini kosa si la matajiri peke yao. Sisi mafundi nasi twapenda kusifiwa kwamba twaweza kutengeneza kitu kwa kubahatisha. Kopo la sili mchanganyiko liko katika karakana nyingi, na mara nyingi ni sisi tulioliweka. Tuliondoe.

Wakubwa husema, "Mpira mdogo tu, mnapiga kelele za nini?" Wakumbuke tarehe 28 Januari 1986. Siku ile chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu 7 wakafa. Oringi za kiungo cha roketi zilikuwa zimekakamaa kwa baridi. Usiku uliotangulia wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hiyo walishauri isirushwe. Wakubwa wao wakaligeuza shauri hilo. Waliojua walikuwapo, ila neno la mwisho halikuwa lao.

Hilo ndilo nitakalo kusema. Neno la mwisho juu ya sili liwe la yule atakayeivuta hewa hiyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yatuamuru tutoe habari kwa msimamizi tukiona hatari kubwa, na yamkataza mwajiri kumrudisha mtu mahali pa hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kijana yule alifanya kama sheria isemavyo, naye akakatwa mshahara. Hiyo si haki.

Kwa hiyo natoa shauri. Vyama vyetu, kila vinapokaa mezani na waajiri, vidai mambo matatu: sili zinunuliwe kwa namba na kutunzwa katika pakiti, daftari liandikwe sili ipi imetiwa, lini, na nani, na mfanyakazi akikataa chombo kinachovuja, siku yake ilipwe yote.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema. Ufa wetu huu ni chini ya milimita moja, na bei ya kuuziba ni shilingi chache. Maisha ya kijana hayauzwi katika duka lolote.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
Mtu wa Breki