Chakula cha Watu wa Kale na Mfuko wa Anayeanza Vyuma

Imekuwa ada katika miji yetu, kwa miaka hii ya karibuni, kwamba kijana aendaye kujiandikisha katika ukumbi wa mazoezi kwa nia ya kujipatia nguvu, kabla hajafundishwa hata namna ya kukishika chuma, hukabidhiwa waraka wa vyakula alivyoharamishiwa na vile alivyohalalishiwa. Na katika waraka huo, ambao aghalabu umenakiliwa kutoka kwa watu wa Marekani wasiolijua soko la Kariakoo wala la Kongowea, hukuta ya kuwa ugali na wali ni haramu, maharage, kunde na choroko ni haramu, maziwa ni haramu, na badala ya hivyo ameamrishwa ale minofu ya ng'ombe wa malishoni, samaki wa baridi ya ughaibuni, unga wa lozi na mafuta ya zeituni. Kijana huyo, ambaye ujira wake wa mwezi ukishatoa kodi na nauli haubakizi kitu cha kutajika, huvumilia majuma machache kisha haonekani tena, naye mwalimu husema kwamba hakuwa na azma. Mimi nasema azma ilikuwapo. Kilichokosekana ni insafu ya mwalimu, na mtu asiyejua bei ya fungu la dagaa hastahiki kumfundisha anayeanza, hata kama kifua chake chajaza mlango.

Madhehebu yaliyozaa waraka huo, ya kula kama walivyokula watu wa zama za mawe, hayana umri mkubwa. Walter Voegtlin, tabibu wa matumbo wa huko Marekani, alikitoa kitabu chake mwaka 1975; miaka 10 baadaye Boyd Eaton na Melvin Konner wakalieleza jambo hilo kwa lugha ya kitaalamu katika jarida la utabibu la New England; kisha mwaka 2002 Loren Cordain akaandika kitabu kilicholifikisha jina la paleo katika majiko ya watu wa kawaida. Hoja yao ni kwamba mwili wa bin-Adamu uliumbika katika dahari ndefu za kuwinda na kuokota, ilhali kilimo hakijapita sana miaka 10,000, na kwa hiyo mwili haujapata wasaa wa kuizoea nafaka, jamii ya kunde na maziwa. Hoja ina mvuto wake, na sehemu yake haina ubishi, kwani sijapata kumsikia tabibu akimhimiza mgonjwa wake azidishe biskuti.

Lakini mwenye kutaka kumtolea ushahidi mtu wa kale hapaswi kulitazama jambo hili kutoka mbali, maadamu ushahidi wenyewe uko katika ardhi yetu. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, wale wachache wanaoendelea na maisha ya mababu zao, ndio ambao wataalamu wa lishe husafiri bahari kuja kuwatazama. Na kinacholetwa kambini ni nyama na asali kwa mikono ya wanaume, mizizi inayochimbwa na wanawake kwa vijiti vilivyochongwa ncha, matunda madogo ya porini na mabuyu ya kuponda. Nyama hupatikana na hukosekana. Mizizi ndiyo isiyoadimika kiangazi wala masika. Fauka ya hayo, mwaka 2009 mwanaakiolojia Julio Mercader alitangaza kwamba katika pango la Ngalue, nchini Msumbiji, alikuta chembe za wanga wa mtama juu ya zana za mawe zilizotumika miaka ipatayo 100,000 iliyopita, na ijapokuwa watu wa fani hiyo wangali wakijadiliana juu ya maana yake, habari hiyo yatosha kumpunguzia mtu kiburi cha kusema kwamba nafaka ni ugeni tumboni. Tena kuna kichekesho ambacho sijaona waraka wowote ukikitaja: muhogo, uliovuka bahari kutoka Amerika katika zama za Wareno, umehalalishwa katika jiko la paleo, ilhali mtama, mzaliwa wa Afrika, umeharamishwa. Na kuhusu maziwa, utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliotolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan wamepata, katika muda wa miaka elfu chache tu, maumbile ya kuwawezesha watu wazima kuyasaga maziwa bila taabu. Kwa hiyo mwili hubadilika upesi kuliko walivyodhani wenye waraka.

Sisemi haya ili kuutupa mlo huo wote, hasha. Nasema ili tuuchukue kwa bei yetu, maana ukishaondoa vilivyotoka ughaibuni, vinavyosalia ni vyakula ambavyo mama zetu wamekuwa wakivipika bila kuvipa jina: viazi vitamu, magimbi na ndizi za kuchemsha, mchicha na matembele yaliyoungwa kwa tui la nazi, kisamvu kilichotwangwa kikapikwa hadi kikalainika, mlenda, mapapai, mayai, na samaki. Hata katika nyama, siha haikai katika minofu pekee. Maini, firigisi, shingo za kuku, utumbo uliooshwa vizuri, makongoro yaliyochemshwa tangu usiku kwa tangawizi na ndimu, na huko Mwanza mapanki ya sangara ambaye minofu yake imekwisha kupanda ndege kwenda Ulaya, vyote hivyo huuzwa kwa bei nafuu kuliko steki, na wawindaji wa kale, lau wangeulizwa, wasingaliviacha porini. Dagaa nao wana taratibu zao. Wale wa Mwanza, kwa kuwa aghalabu huanikwa mchangani, hutolewa vichwa, wakaoshwa kwa maji ya moto mara kadhaa hata maji yasibakize chembe ya mchanga, kisha wakakaangwa kidogo katika mafuta kabla ya kutiwa kitunguu, nyanya, pilipili na ndimu, na tui zito likamiminwa mwishoni kwa moto mdogo lisije likakatika. Mtu aliyekula sahani hiyo pamoja na kiazi kitamu na mchicha amekula mlo ambao wengi wa wenye waraka wasingeutilia walakini.

Kinachonitenga na wenye waraka ni maharage, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo. Watafiti wa mazoezi ya nguvu wanakadiria kwamba faida ya protini kwa anayejenga misuli hufikia kikomo chake karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, nayo kwa mtu wa kilo 70 ni gramu 112. Gramu 100 za dagaa wakavu humpa zaidi ya 50. Mayai matatu humpa 18. Na gramu 150 za maharage, zikipimwa kabla ya kupikwa, humpa zaidi ya 30. Hapo amelikaribia lengo lake, na mboga na viazi vitaongeza kilichopungua. Sasa yaondoe maharage, kama waraka unavyoamuru, na umwambie akitafute katika nyama kile alichopungukiwa, kila siku, mwaka mzima. Uone kama mfuko wake utahimili. Wanaoyaogopa maharage hutaja sumu ya lektini, nayo kwa kweli imo katika maharage mabichi, walakini kuyaloweka usiku kucha, kuyamwaga maji yake, na kuyachemsha kwa moto mkali dakika 10 au zaidi kabla ya kuyaacha yaive taratibu, huiangamiza. Ni nani katika nchi hii alaye maharage mabichi?

Kazi ya mwalimu ni ndogo kuliko anavyojifanya, na ni ngumu kuliko anavyodhani. Anayeanza hahitaji mazoezi ishirini wala vioo vya ukuta mzima. Ahitaji kufundishwa kuchuchumaa na kusimama akiwa na mzigo mabegani, kuuinua mzigo kutoka ardhini bila kuukunja mgongo, kuusukuma juu ya kichwa, na kuuvuta kuelekea kifuani, mara tano tano kwa duru tatu, siku tatu katika juma, na siku ya mapumziko katikati. Chuma kitupu cha mashindano kina kilo 20 kwa wanaume na kilo 15 kwa wanawake, na dumu la lita 20 lililojaa maji nalo lina kilo 20 na ushei, kwa hiyo mwanamke anayejitwika dumu hilo kila asubuhi kutoka bombani hana haja ya kuambiwa na mtu yeyote kwamba vyuma si vyake. Vijana wa mitaani wanaojaza zege katika makopo ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba wamekwisha kuielewa nusu ya ilimu hii. Nusu iliyosalia ni kiasi. Thomas DeLorme, tabibu wa jeshi la Marekani, aliwatibu askari waliojeruhiwa katika vita vikuu vya pili kwa kuwapa uzito mkubwa uliopimwa kwa uwezo wa kila mmoja, akiuongeza kwa kadiri walivyopata nguvu, naye akaieleza njia hiyo mwaka 1945, wakati matabibu wengi wangali wakiwapa wagonjwa mazoezi mepesi ya kurudiarudia. Na mwaka 1990, mjini Boston, wazee 10 wa umri wa karibu miaka 90 walifundishwa kuinua uzito kwa majuma manane, na nguvu za miguu yao zikazidi maradufu. Ikiwa ajuza wa miaka 90 aliweza kuanzishwa kwa hadhari, seuze karani wa miaka 30 ambaye maradhi yake makubwa ni kiti.

Lipo katazo moja la mlo huo ambalo mwalimu alishike bila haya, nalo ni sukari, kwa sababu ndilo pekee linaloacha fedha mfukoni. Chai ya vijiko vitatu asubuhi na jioni, soda ya mchana, na andazi la kusindikizia, vyote hivyo vina gharama ambayo mtu haihesabu kwa kuwa huilipa kidogo kidogo, na bei ya soda moja yamkini hutosha mayai mawili. Najua watu wa pwani watanijibu kwamba chai bila sukari ni dawa, nao hawakukosea sana. Basi mwalimu asiwanyime kwa siku moja: kama anavyoongeza kilo mbili na nusu juu ya chuma pale tu anapoona mwendo umenyooka, ndivyo apunguze nusu kijiko kwa juma, azidishe iliki na tangawizi, na fedha ya soda iende kwa muuza mayai.