MAARIFA YA NYUMBANI: Nyota Mbili, Vipande Vitatu

Katika eneo la Nakivubo, jijini Kampala, ambako Soko la Mtakatifu Balikuddembe bado huitwa Owino na watu wengi, akina mama wauzao mitumba na viatu hawahitaji simu ya bei kubwa ili watume fedha. Kitochi chatosha. Kampuni ya MTN ilianza huduma ya fedha kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, na mwananchi hubonyeza nyota, 165 na alama ya reli, kisha huchagua kwa namba tu. Mke wa askari aliye kambini mbali hupokea fedha za matumizi kwa njia hiyo hiyo, bila intaneti.

Vyama vya kuweka na kukopa navyo vimeifuata njia ya nyota na reli. Chama kidogo cha sokoni hakina uwezo wa kuunganishwa moja kwa moja na mitambo ya kampuni za simu, hivyo hupitia kwa mtu wa kati kama Africa's Talking, kampuni iliyoanzia Nairobi na ambayo huduma zake zimefika Uganda. Yafaa ieleweke jinsi mtu huyo wa kati afanyavyo kazi. Kila mara mwanachama anapojibu, programu ya chama hupelekewa majibu yake yote tangu alipoanza, yakiwa yameunganishwa katika mfuatano mmoja wa herufi, na baina ya jibu na jibu huwekwa nyota. Tuseme mwanachama amechagua 2 ili aweke akiba, akaandika 5000, kisha akabonyeza 1 kuthibitisha. Programu itapokea 2*5000*1.

Programu nyingi za namna hii hazina njia nyingine ya kujua mwanachama amefika hatua gani. Huukata mfuatano huo penye nyota, vipande vikapangwa katika safu, kisha urefu wa safu ukahesabiwa. Katika lugha ya PHP kazi ya kukata hufanywa na amri ya explode na ya kuhesabu na count. Katika Python ni split na len. Katika JavaScript ni split, na urefu husomwa kwa length. Nyota mbili hutoa vipande vitatu, na vipande vitatu maana yake mwanachama amekwisha kuthibitisha. Hadi hapa hapana ugumu wowote.

Ugumu uko mwanzoni kabisa. Mwanachama anapopiga namba ya chama, kabla hajachagua lolote, mfuatano upokewao ni mtupu. Kijana aandikaye programu hutarajia urefu wa safu uwe 0. Katika lugha zote tatu zilizotajwa, jibu ni 1.

Askari wanaelewa jambo hili kuliko watu wengi. Askari kumi waliosimama mstari mmoja wana nafasi tisa baina yao. Afisa ahesabuye nafasi hupata idadi ya watu kwa kuongeza moja. Lakini uwanja ukiwa hauna mtu, nafasi ni sifuri, naye akiongeza moja ataandika askari mmoja asiyekuwako. Askari hewa ni balaa katika jeshi lolote. Kompyuta haidanganyi kwa makusudi: kwake karatasi tupu isiyokatwa bado ni karatasi moja.

Matokeo yake ni haya. Aliyepiga simu sasa hivi ana urefu wa 1, na aliyekwisha kuchagua 2 naye ana urefu wa 1. Programu ikiamriwa kuonyesha orodha ya huduma kila urefu uwapo 1, mwanachama atachagua kuweka akiba na kurudishiwa orodha ile ile, tena na tena, huku mteja amesimama mbele yake na viatu mkononi. Hakuna hesabu ya kujumlisha wala kutoa iwezayo kuwatenganisha watu hao wawili. Dawa ni kuuliza kwanza kama mfuatano ni mtupu, na kuanza kukata na kuhesabu baada ya hapo tu.

Liko kosa jingine, nalo ni baya zaidi kwa sababu halionekani upesi. Kidole cha mwenye haraka huweza kugusa nyota baada ya 5000. Mfuatano utakuwa 2*5000*, na safu itakuwa na vipande vitatu, cha tatu kikiwa kitupu. Programu itazamayo urefu peke yake itaona hatua ya tatu imefikiwa na kuandika akiba ambayo mwenyewe hajaithibitisha. Nyota hiyo ikiangukia katikati, kama 5*000, daftari la chama litasema ameweka shilingi 5. Katika chama ambacho wanachama wanajuana kwa majina, tofauti ya 4995 yatosha kuleta ugomvi wa wiki nzima, na mweka hazina ndiye atakayetuhumiwa wizi.

Kwa hiyo urefu husaidia kujua mahali pa kutazama, lakini kilichoandikwa humo ni lazima nacho kisomwe. Vipande huhesabiwa kuanzia 0, hivyo cha mwisho hupatikana kwa kutoa moja katika urefu: safu yenye vitatu ina namba 0, 1 na 2. Kipande hicho kikiwa si 1 kamili, hakuna uthibitisho. Kiasi nacho kilinganishwe na kima cha chini cha chama kabla ya kuandikwa.

Wala lugha zote hazikubaliani. Perl, iliyotoka mwaka 1987, pamoja na Ruby, hutupa vipande vitupu vya mwishoni zisipoambiwa vinginevyo, na mfuatano mtupu huzipa safu yenye urefu wa 0. Humo 2*5000* huhesabiwa vipande viwili, na mwanachama huulizwa tena kama athibitisha. Programu hiyo hiyo ikihamishiwa Python, mstari wa kuhesabu ukaachwa na maana ile ile, itampita bila kumwuliza.