*HISTORIA SI KOZI YA WALIOKOSA NAFASI*



Tumechoka kusikia, hata vikaoni mwetu, kwamba kijana anayesoma historia chuo kikuu anapoteza mkopo bure. Tunauliza: Ziwa Nyasa litatetewa na nani?

Malawi inadai maji yote hadi ufukweni kwetu. Tegemeo lake ni karatasi: mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Sisi tunasema mpaka unapita katikati ya ziwa. Wavuvi wa Kyela, Ludewa na Nyasa wanaishi ndani ya ubishi huo. Hautamalizwa na kelele za jukwaani. Utamalizwa na anayejua kuusoma mkataba na kulinganisha ramani za wakoloni.

Wazee wetu walilielewa hili. Mwaka 1978 Tanzania na Msumbiji zilianzisha Chuo cha Diplomasia pale Kurasini. Walijua uhuru unalindwa kwa bunduki na kwa hoja.

Taifa lisilo na wanahistoria ni duka lisilo na daftari la madeni: kila anayeingia anasema anakudai, nawe huna cha kumjibu.

*Msimamo wetu:*
1. Vyuo vifundishe historia, usalama wa taifa na sera ya nje kwa pamoja.
2. Nyaraka za Wajerumani zisomwe na Watanzania wenyewe; Kijerumani kifundishwe.
3. Mzazi asimkatishe tamaa mwanawe.

Hoja hii tunaipeleka kikao cha kata. Wanachama, njooni mmejiandaa.

_Katibu wa Tawi_