Mwenzetu wa Zamu si Hawara



Kuna maneno yanayozunguka landini kwetu, nasi tumenyamaza muda mrefu. Maneno yenyewe ni haya: mwanamume na mwanamke wakifanya kazi zamu moja, wakacheka pamoja, wakanywa chai ya chupa moja, basi wamekwisha kuwa wapenzi. Asemaye hivyo kwa kawaida hajapata kukesha stesheni hata usiku mmoja.

Na aje aone. Reli yetu ya zamani sehemu kubwa ni njia moja tu. Treni mbili hupishana stesheni, basi. Treni ya mizigo ikikaribia usiku wa mvua, mmoja wetu yuko kwenye simu, mwingine yuko nje na taa akihakikisha njia imegeuzwa sawasawa. Wa nje amtumaini wa ndani, na wa ndani amtumaini wa nje. Mmoja akikosea, watu watakufa. Watu waliokaa hivi miezi mingi, kila mmoja akijua saa ambayo mwenzake huanza kusinzia, watakosaje kuwa marafiki? Urafiki huo ndio unaotuwezesha kuambiana, "Hapana, angalia tena," bila kuoneana haya. Mtu anayeogopa kuonekana akizungumza na mwenzake hatamwambia hivyo.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Dada mmoja wa zamu ya usiku alikuwa akisindikizwa na mwenzake alfajiri mpaka mlangoni pake, kwa sababu kijia kile hakina taa na watu wamekwisha kuporwa hapo. Majirani waliona watu wawili, giza hawakuliona. Habari ikamfikia mumewe, kisha ikamfikia mkubwa wa kazi. Mkubwa hakumwuliza dada neno lo lote. Alimtoa zamu ya usiku "ili kuzuia maneno," na posho yake ya usiku ikakatika. Mwanamume akabaki palepale, na posho yake akapata. Sisi wanaume tuliona jambo hili tukanyamaza, na hapo twakiri kwamba tulikosa.

Hatukatai kwamba wako waliopendana kazini. Wengine wamefunga ndoa, na pilau yao tulikula. Lakini hao ni wachache. Sisi tuliosoma misheni twajua kwamba Mtume Paulo alimtaja Prisila kuwa mtenda kazi pamoja naye, wala hatukufundishwa kumshuku kwa hilo.

Tena maneno haya yaficha ubaya ulio wa kweli. Yuko mkubwa anayemwambia mwanamke kwamba hatapanda cheo asipomkubali. Huyo haonekani akinywa chai na mtu, kwa hiyo watu hawamsemi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, yakataza jambo hilo waziwazi, na mwajiri mwenye wafanya kazi 20 au zaidi apaswa kutoa taarifa ya maandishi juu yake, baada ya kushauriana na wafanya kazi au wajumbe wao. Je, wangapi kati yetu wameiona karatasi hiyo ukutani?

Nanyi akina mama na akina baba mnaotungoja nyumbani, hatuwalaumu kwa kuwa na wasiwasi. Mke asiyejua mumewe hufanya nini usiku kucha atawaza mengi, na mume vivyo hivyo. Basi tuwaeleze kazi yetu. Mmoja wetu alimwalika yule mwenzake wa zamu nyumbani kwake Jumapili pamoja na mumewe, wakala ugali na samaki, na tangu siku hiyo mke wake ndiye anayemtumia dada yule mboga.

Katika mkutano ujao wa tawi tutataka mambo mawili: mtu asihamishwe zamu kwa uvumi, pasipo mashtaka ya maandishi na yeye mwenyewe kusikilizwa, na dada yetu arudishiwe zamu yake ya usiku. Mwenyewe amekubali kusimama na kusema. Njoni mapema, viti ni vichache.