Nyumba Tatu Katika Stakabadhi ya Babu

Mzee mmoja wa Uru alipofariki, wanawe walifungua sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda chake miaka yote. Humo walikuta kadi ya chama cha msingi cha kahawa, cheti cha ubatizo cha babu yao, na stakabadhi za kodi za babu huyo, zimekunjwa hadi zinakatika kwenye mikunjo. Moja ilionyesha kwamba babu alilipia nyumba tatu. Ukoo mzima ulimjua babu kuwa mtu wa mke mmoja.

"Labda moja ni ya mama yake," alisema kaka mkubwa. Na ile nyingine?

Enzi za Waingereza kodi ya nyumba na kichwa ilidaiwa kwa mwanamume, na mwenye wake zaidi ya mmoja alilipia pia nyumba za wake hao. Karani hakuwa na haja ya jina la mke. Aliandika idadi, akapokea shilingi, akaita anayefuata. Ndivyo mama wa Kichaga aliyelima migomba na kubeba majani ya ng'ombe alivyoingia katika kumbukumbu za serikali: kama tarakimu tu.

Cheti cha ubatizo kilieleza lililobaki. Kilikuwa cha miaka mitatu baada ya ile stakabadhi, na babu alibatizwa akiwa mtu mzima. Katika misheni za mlimani, mwanamume mwenye wake wengi alitakiwa kubaki na mmoja kabla ya kupokea maji. Wengine walirudi kwao, au walihamishiwa mahali ambapo hawatatajwa tena.

Kaka mkubwa akataka karatasi irudishwe sandukuni. Sababu yake haikuwa ndogo: kihamba bado kilijulikana kwa jina la babu, kikao cha ukoo kilikuwa kinakaribia, na kila nyumba inayogunduliwa huja na watoto wake. Dada yao, mwalimu anayeishi Moshi mjini, akaipiga picha kwa simu na kuondoka nayo.

Alianzia RITA kutafuta kifo cha babu, akakosa. Si ajabu. Wengi walizikwa kihambani kwao bila mtu kwenda kuandikisha, na vizazi vya wenyeji wengi wa enzi za ukoloni havikusajiliwa. Ndiyo maana cheti cha ubatizo bado kina thamani mezani kwa msajili. Ila msomaji aangalie vizuri: tarehe ya ubatizo si ya kuzaliwa, na mwaka wa kuzaliwa mara nyingi ni makisio ya padri au mchungaji.

Alipopata jibu ni Mahakama ya Mwanzo. Watu hudhani faili la mirathi lina habari za mali tu. Ndani yake kuna muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye majina ya warithi, wa nyumba hii na ile, pamoja na saini au dole gumba. Katika muhtasari wa mirathi ya babu palikuwa na mtu ambaye hakuna aliyepata kumtaja mezani, ameandikwa "mtoto wa marehemu, anaishi Kahe". Chini ya jina hilo palikuwa na saini ya baba yao. Mwandiko ule aliujua tangu akiwa darasa la kwanza, ulikuwa kwenye daftari zake.

Baba alijua. Alikaa kikao kimoja na ndugu yake, akasaini, akarudi nyumbani, akanyamaza hadi kufa.

Anayetaka kurudi nyuma zaidi ya hapo atalazimika kwenda Dar es Salaam, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kwa sheria ya mwaka 2002, nyaraka za umma kwa kawaida hufunguliwa zikifikisha miaka 30. Kuna majalada ya Wajerumani, na vitabu vya wilaya walivyoandika maofisa wa Kiingereza. Atafute kwa tahajia ya wakati ule: Moschi, Kiboscho, Madschame. Wala asishangae kukuta nasaba ndefu za akina Mangi na mstari mmoja, au hakuna kabisa, kuhusu watu wa kawaida. Ofisa aliuliza habari za wale aliotawala kupitia kwao. Vyeo vya machifu vilifutwa mwaka 1963, lakini upendeleo ule umebaki kwenye karatasi.

Mwalimu hakufika Dar es Salaam. Jumamosi moja alipanda basi la Kahe akiwa na kilo mbili za sukari na picha ya ile stakabadhi kwenye simu. Hakumweleza kaka yake. Alipouliza njiani kwa jina lililokuwa kwenye faili, kijana wa bodaboda alimpeleka moja kwa moja. Mwenyewe alikwisha kufa, ila mkewe yupo.

Bibi alikuwa anapeta mahindi barazani. Hakusimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akamtazama usoni kwa muda, kisha mikononi. "Umetoka Uru wewe. Wa nyumba ipi?"